Kitanda cha Treni Msimu wa Krismasi: Nasaha kwa Abiria wa Kyela



Kila Desemba ndugu zetu walioko Dar es Salaam hurejea nyumbani, na wengi hukata tiketi ya kuja wakasahau ya kurudi. Shida huwafika Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa.

Kyela haina reli. Safari ya TAZARA tunaianzia Mbeya. Treni itokayo New Kapiri Mposhi, Zambia, hufika hapo ikiwa tayari na abiria vitandani, hivyo nafasi zinazobaki ni chache. Anayepanda milima ya Tukuyu na watoto, na gunia la mchele juu yake, bila tiketi mkononi, huenda akakesha amekaa au asisafiri kabisa.

Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Cha daraja la pili, sita. Wanaume na wanawake hulazwa vyumba tofauti, hata mume na mkewe, isipokuwa wamelipia chumba kizima. Kwa familia ya watu wanne, tunaona daraja la kwanza lastahili gharama yake.

Mwenye ndugu Mbeya amtume mapema dirishani, akiwa na majina kamili ya wasafiri. Kabla hajaondoka asome tarehe, daraja, namba ya behewa na ya kitanda. Tiketi ya mlanguzi msiiguse: kitanda hicho huenda kina mwenyewe. Yenu itunzeni hata baada ya kushuka. Lalamiko lisilo na tiketi ni gumu kulithibitisha.