Maumivu ya Mifupa Yasiyoisha: TB au Sakoidosisi?
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Nuu



Mtu anayelima, kuchunga mifugo na kubeba mitungi ya maji huumwa mgongo, na kwa kawaida maumivu hupungua akipumzika. Lakini maumivu yanayodumu kwa wiki kadhaa, yanayomwamsha usiku, au yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, hayafai kutulizwa kwa tembe za dukani.

TB haishiki mapafu pekee. Huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, nyonga au goti, hata kwa mtu asiyekohoa. Tiba ikichelewa, pingili za mgongo huporomoka, kibiongo hutokea, na miguu huweza kupooza.

Uko ugonjwa mwingine, adimu zaidi, unaofanana na TB. Unaitwa sakoidosisi, na hauambukizi. Kinga ya mwili hutengeneza vinundu vidogo, mara nyingi kwenye mapafu na tezi. Mara chache vinundu hivyo huingia kwenye mifupa, hasa ya vidole. Vidole huvimba na kukakamaa, na picha ya eksirei huonyesha matundu. Mwaka 1920 daktari Mjerumani, Otto Jüngling, alieleza mifupa ya vidole ya namna hiyo akaiita TB. Baadaye ilibainika kuwa ni sakoidosisi.

Kuyatofautisha magonjwa haya ni muhimu kwa sababu tiba zake ni tofauti. TB ya mifupa hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu kwa miezi 12. Sakoidosisi, ikihitaji tiba, mara nyingi hutibiwa kwa steroidi, ambazo hupunguza nguvu ya kinga. Mwenye TB akipewa steroidi bila dawa za TB, ugonjwa huweza kusambaa. Kwa hivyo picha pekee haitoshi. Mara nyingi kipande kidogo cha mfupa au tezi huchukuliwa na kupimwa maabara.

Tembe za kalsiamu na vitamini D pia zisinunuliwe bila ushauri, kwani sakoidosisi huweza kupandisha kalsiamu kwenye damu.

Mwenye dalili hizi aanze kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa ikihitajika. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. Aliyezianza azimalize, hata maumivu yakiisha mapema. Asiyepata nafuu arudi aulize: je, kipimo cha kuthibitisha ugonjwa kilifanywa?