Samaki Kumi na Wawili, Tangi Moja
Geita dhahabu huchimbwa. Yangu hapa Shinyanga ilikuwa ikiogelea: samaki wa dhahabu 12 katika tangi la kioo la lita 60. Alfajiri moja niliwakuta wanatweta juu ya maji. Nikayamwaga yote, nikajaza ya bomba. Jioni walibaki watatu.

Kosa lilikuwa langu. Walisongamana, hewa haikutosha, na taka zao zilijaza amonia. Kisha maji yetu ya Ziwa Victoria, yanayosafishwa Ihelele, hutiwa klorini, sumu kwa samaki. Siku hizi nabadilisha robo tu kila wiki, kwa maji yaliyolala wazi ndooni siku nzima. Chakula kidogo.

Mwanangu anaomba wengine. Nimemkatalia: hata hao watatu wakikua watahitaji tangi kubwa zaidi.