Nishati ya Mwendo Huenda Wapi?

Msikilizaji, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 imefuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara, kutoka pwani hadi Ujiji. Kwenye reli hiyo, eneo la Igandu mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliserereka kinyumenyume mlimani ikagonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walifariki.

Nishati haipotei, hubadilika tu. Kila mita ambayo treni ile ilishuka, nishati ya kuwa juu iligeuka nishati ya mwendo. Ilipogonga, nishati ikakunja vyuma, ikazaa joto na mshindo, na, inauma kulisema, ikaivunja miili ya watu.

Mabehewa yakiunganishwa stesheni ya Tabora nayo hugongana, ila polepole, na husikika kishindo tu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne: pikipiki ya kilomita 80 kwa saa hubeba mara nne ya ile ya 40.

Ndugu dereva wa bodaboda, punguza mwendo, vaa kofia ngumu. Povu lake hubonyea likapokea nishati ambayo ingepasua fuvu.