Njia Ipitayo Juu ya Vijiji: Haki katika Upangaji wa Umeme

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa tume za haki na amani za parokia



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya umeme, na bila shaka baadhi yenu mnajiuliza umeme unahusianaje na tume yetu. Tumezoea kushughulikia mashamba yaliyoporwa, mahabusu waliosahauliwa na wajane walionyimwa mirathi. Naomba mnivumilie. Nataka kuonyesha kwamba katika umeme dhuluma yaweza kutendeka mezani, kwa penseli na rula, miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, wala asipatikane mtu aliyevunja sheria.

Mfano wangu ni Inga. Jirani na Matadi, mahali ambapo Mto Kongo unateremka kuelekea bahari ya Atlantiki, maji huporomoka kwa nguvu isiyo na kifani katika Afrika. Kituo cha kwanza, Inga ya Kwanza, kilianza kazi mwaka 1972 kikiwa na uwezo wa megawati 351. Cha pili, chenye megawati 1,424, kilifuata mwaka 1982. Katika miaka hiyohiyo ilijengwa njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga, mwendo wa kilometa zipatazo 1,700. Ilikuwa miongoni mwa njia ndefu kuliko zote duniani. Ilikatiza Bandundu, ikakatiza Kasai, ikapita juu ya vijiji visivyo na idadi, wala haikuwasha taa hata katika kimojawapo.

Kwa nini? Hapa sina budi kueleza kidogo jambo la kiufundi, maana ndimo siri ilimo. Umeme tunaoutumia majumbani ni wa mkondo geu: huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Faida yake kubwa ni kwamba msongo wake waweza kupandishwa ili usafirishwe mbali, kisha ukashushwa kwa transfoma ili uingie nyumbani bila kumuua mtu. Lakini ukisafirishwa mamia mengi ya kilometa, mkondo geu huwa mgumu kuudhibiti na gharama zake hupanda. Kwa safari ndefu namna hiyo wahandisi huchagua mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu. Huo hupotea kidogo njiani na huhitaji nyaya chache. Kasoro yake ni kwamba transfoma haiwezi kuushusha. Panahitajika kituo kikubwa cha kuugeuza kila mwisho wa njia, na kituo cha namna hiyo hakijengwi kwa ajili ya zahanati na mashine ya kusaga. Njia ya Inga ikapewa vituo viwili, kimoja Inga na kingine Kolwezi. Katikati, hakuna.

Siwalaumu wahandisi kwa uchaguzi huo. Waliulizwa: tufikisheje megawati 560 Kolwezi kwa gharama ndogo? Nao wakajibu vizuri. Kosa lilikuwa katika swali lenyewe. Hakuna aliyeuliza juu ya watu waishio katikati, kwa kuwa mpango wa umeme huanza na makadirio ya mahitaji, na makadirio huhesabu wale watakaolipa. Mgodi una mkataba, una mitambo, una saa zake za kazi. Mahitaji yake yanaandikika. Kijiji kinachotumia kuni na kibatari kinaandikiwa sifuri. Kwa kuwa kimeandikiwa sifuri hakipati kituo, na kwa kuwa hakina kituo, makadirio ya miaka kumi baadaye yatakikuta bado kwenye sifuri. Hilo ndilo duara ambalo ningependa kila mjumbe alifahamu.

Palikuwa pia na sababu ya kisiasa. Katanga ilikuwa na mito yake na vituo vyake tangu enzi ya ukoloni: Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Waandishi wengi wa historia wameona kwamba serikali ya Mobutu ilipenda swichi ya migodi iwe mbali, karibu na Kinshasa, kwa kukumbuka jinsi jimbo hilo lilivyojitenga kati ya 1960 na 1963. Na yale makadirio yaliyoonekana ya hakika hayakutimia. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 kufikia katikati ya miaka ya 1990. Madeni yakabaki kwa taifa zima, pamoja na mwanakijiji wa Kasai aliyeona minara tu. Vyuma vya minara hiyo vimeibwa mara nyingi. Wizi ni wizi, wala siutetei. Lakini ni vigumu kumwambia mtu alinde mali ambayo haijawahi kumwangazia hata usiku mmoja.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Kwa njia za mkondo geu, jibu ni hapana. Juu kabisa ya minara hupita nyaya nyembamba za kukinga radi, ambazo kwa kawaida hufungwa kwenye chuma chenyewe. Zikitengwa na mnara kwa vikombe, zaweza kupitishwa umeme wa msongo wa kati na kuvihudumia vijiji vilivyo kando ya njia, huku zikiendelea kukinga radi. Ghana ilianza kutumia mbinu hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Gharama ya nyongeza ni ndogo ikilinganishwa na kujenga njia nyingine pembeni. Ila sharti jambo hili liamuliwe wakati wa usanifu. Minara ikishasimama, kazi huwa ngumu na ghali. Nasisitiza neno hilo kwa sababu mara nyingi wananchi huitwa mkutanoni siku ya fidia ya mihogo na miembe iliyokatwa, na siku hiyo michoro imekwisha pigwa mihuri.

Msidhani nazungumza mambo ya kale. Mwaka 2013 Kongo na Afrika Kusini zilitiliana saini mkataba juu ya Inga. Katika mpango wa Inga ya Tatu uliofuata, wa megawati 4,800, megawati 2,500 zilikusudiwa kwenda Afrika Kusini, 1,300 migodini Katanga, na 1,000 kwa shirika la umeme la taifa, hasa kwa ajili ya Kinshasa. Jumlisheni wenyewe muone ni ngapi zilizosalia kwa wengine. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilisitisha fedha zake katika matayarisho hayo, ingawa nia ya kujenga haijafa. Na hii ni nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme.

Kivu ya Kaskazini imejaribu njia nyingine. Kituo cha Mutwanga kilianza mwaka 2013, na cha Matebe, chenye megawati zipatazo 13, kilifunguliwa mwaka 2015 huko Rutshuru. Vyote viwili vilijengwa chini ya Hifadhi ya Virunga, na vinauza umeme kwa watu wa karibu. Vita vimeusumbua mradi huu, na wapo wanaoona bei ni kubwa. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa ni nani anayeishi hapa.

Basi mkisikia wapimaji wameingia jimboni mwenu na vigingi vyao, msingoje siku ya fidia. Ombeni kuona makadirio ya mahitaji, mtazame kijiji chenu kimeandikiwa nini. Ulizeni kama njia ni ya mkondo geu au mnyoofu, kituo cha kupoozea umeme kitawekwa wapi, na nyaya za radi zitafungwaje. Mkiambiwa hayo ni ya wataalamu, leteni mtaalamu wenu. Hata fundi wa misheni ajuaye jenereta ataelewa majibu.