Msitu wa Wino Mweusi

Juma hili nawaomba tuutazame mchoro, ingawa redioni hatuwezi kuuona. Ni msitu wa misonobari, uliochorwa Japani kwa wino mweusi na Hasegawa Tohaku, mwishoni mwa karne ya 16. Umechorwa juu ya viwambo viwili vya karatasi vya kukunja, kila kimoja kikiwa na pande 6 na urefu unaozidi meta 3. Umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo.

Nilipomwonyesha rafiki yangu picha yake kitabuni, alicheka. "Bwana, huyu aliishiwa wino?"

Ni kweli, sehemu kubwa ya karatasi haina kitu. Kuna kundi la miti hapa, jingine pale, mingine imefifia kama moshi. Lakini aliyekulia milimani atatambua mara moja kwamba ule uwazi ndio ukungu wa asubuhi. Tohaku hakuuchora ukungu. Aliacha karatasi, karatasi ikawa ukungu. Ukisogea karibu unakuta mistari mikali, ya haraka, kana kwamba mtu amepiga kwa ufagio. Rudi nyuma hatua chache, miti inasimama na kila kitu kinatulia.

Msidhani mtu huyu hakujua kuchora kwa mbwembwe. Yeye na mwanawe Kyuzo walipamba kwa rangi na dhahabu hekalu la Kyoto lililojengwa kumkumbuka mtoto mdogo wa mtawala Toyotomi Hideyoshi. Kyuzo alichora micheri iliyochanua. Mwaka 1593 Kyuzo naye akafariki, bado kijana, akamwacha baba yake.

Basi wengi husema misonobari hii ni kilio cha mzazi. Mimi siapi. Mchoro haukuandikwa tarehe, na wako wataalamu wanaodhani ulikuwa rasimu tu ya kazi nyingine. Ila sioni kwa nini rasimu isiweze kubeba msiba.

Rafiki yangu alikiacha kitabu wazi pale pale, akanyamaza kitambo. Kisha akaniita anionyeshe kitu ambacho mimi, mwenye kitabu, nilikuwa nimekipita mara zote: mlima wa theluji, kwa mbali kabisa, unaoonekana kwa shida nyuma ya miti.

Kwaherini.