Betri Isikaushwe

Leo tutazungumza juu ya betri za risasi na tindikali, ambazo huendesha bajaji nyingi za umeme katika miji ya Bangladesh na India.

Bajaji ya namna hiyo yaweza kuwa na betri nne za volti 12, zilizofungwa mfululizo. Nne mara 12 ni 48. Je, mita ikionyesha 48, betri zimejaa? La! Betri iliyojaa, ikipumzika saa chache, huonyesha volti 12.7 hivi, zote nne ni karibu 51. Zikishuka hadi 48.8, yaani 12.2 kila moja, nusu ya umeme imekwisha. Zikionyesha 48, imebaki kama robo tu.

Dereva mwenye busara hurudi kuchaji inapofika nusu. Kwa nini? Betri inapotumika, chumvi ya risasi hushika mabamba yaliyomo ndani. Ukiichaji mapema, chumvi huondoka. Ukiikausha kabisa, au ukiiacha siku nyingi bila kuichaji, chumvi huwa ngumu, na bamba halipokei umeme vizuri tena. Hapo dereva hulazimika kununua betri mpya kabla ya wakati wake, na fedha aliyoichuma hupotea.

Basi kumbukeni mambo mawili: msipite nusu, tena chajini siku ile ile.

Zoezi: Betri tano zilizopumzika zinaonyesha jumla ya volti 61. Kila moja ina volti ngapi? Je, wakati wa kuchaji umefika?

Kwaherini.