Nguvu za Kiume Zinapopungua

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Cibitoke, Bujumbura



Nimepewa nafasi niseme neno, nami nimechagua lile ambalo wazee wenzangu hulinong'ona barazani wala hawalitamki mbele za watu. Sioni haya kulisema, kwani haya isiyo na faida huvunja nyumba.

Alinijia baba mmoja baada ya sala ya isha, mtu wa makamo. Alitaka kumwacha mkewe, akidai kwamba amemfunga. Hamu ya unyumba ilikuwa imemtoka, mwili mzito, na fedha zake zimekwisha kwa waganga. Nikamsihi asitamke talaka kabla hajamwona daktari. Damu ilipopimwa alionekana ana ugonjwa wa sukari, na homoni ya kiume iitwayo testosteroni imepungua sana. Mke hakuwa na kosa lolote.

Basi na tuielewe homoni hii. Hutengenezwa katika korodani, kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ndiyo iletayo ndevu, sauti nzito, misuli, uimara wa mifupa na hamu ya tendo la ndoa. Tangu mwaka 1935 wataalamu wameweza kuiunda wenyewe. Si jambo la majini.

Hupungua polepole kwa umri, wala si kila mzee ni mgonjwa. Lakini yaweza kushuka mno kwa sababu ya unene, sukari, jeraha la korodani, matubwitubwi yaliyoteremkia huko, au uvimbe katika tezi ile ya kichwani. Tena si kila udhaifu wa unyumba watokana na homoni: huzuni, shinikizo la damu na baadhi ya dawa huleta hali hiyo hiyo.

Kwa hiyo hapana budi kupima. Damu hutolewa asubuhi, wakati homoni iko juu, na hupimwa mara mbili, siku mbalimbali. Madaktari wengi huhesabu kuwa ni upungufu ikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita, na mtu awe na dalili pia.

Ama matibabu, huanza na asili ya ugonjwa. Mnene apunguze mwili, mwenye sukari aitibu, na kila mmoja apate usingizi wa kutosha. Isipotosha, daktari humpa testosteroni ya sindano au ya kupaka, huku akiangalia damu isizidi uzito na tezi dume isidhurike. Na mwenye kutafuta mtoto alijue hili: homoni itokayo nje huzuia korodani kutengeneza mbegu. Mtu hujidunga kwa siri akitaraji mtoto, kumbe ajifungia mlango mwenyewe!

Jihadharini pia na unga na vidonge vya njiani visivyo na jina. Vingine huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali, na kwa mwenye kutumia dawa za moyo za naitreti vyaweza kuua.

Ndugu zangu, Hospitali ya Kamenge si mbali nasi. Kumwuliza daktari si aibu. Aibu ni kumdhulumu mke kwa maradhi yaliyo mwilini mwako. Yule baba angali na mkewe hata leo. Amepungua mwili, na nguvu zinamrudia kidogo kidogo.